Chapati Isiyomsubiri Mgeni Rasmi

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo. Nalisema hili mapema, asije akatokea mtu na cheo chake akaniuliza nilimlenga nani. Haimo kwenye ramani, haina kiti kwenye mikutano ya kimataifa, na kama ina bendera basi mimi sijaiona. Inaitwa Jamhuri ya Taadhima, mji wake mkuu ni Siniani, na watu wake ni wema kabisa. Wanapenda kula kuliko kitu chochote duniani, isipokuwa kimoja: kupeana heshima. Ndiyo maana chakula chao ni baridi.

Ilianza hivi. Miaka ya nyuma Mheshimiwa Mkuu wa nchi hiyo alialikwa harusini. Akasimama kutoa nasaha, akafika pale patamu pa hotuba, pale anapoeleza mafanikio ya sekta ya maji, mara akasikia nyuma kuna mtu anatafuna. Alikuwa mjomba wa bwana harusi, mzee wa watu, sukari imemshuka, kajiibia sambusa moja. Mheshimiwa alikaa, akakunja uso, akaondoka kabla keki haijakatwa. Wiki haikuisha, Bunge likapitisha kwa kauli moja Sheria ya Kutotangulia Kula, na wabunge wakapiga meza mpaka mbili zikavunjika.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Mahali popote panapouzwa chakula, mtu asitie tonge mdomoni mpaka mgeni rasmi awe amefika, ametambulishwa, amehutubia, na ametamka kwamba mlo sasa umefunguliwa rasmi. Hoteli kubwa zikapewa mawaziri. Migahawa ya kati ikapewa wakurugenzi. Vibanda vikapewa wajumbe wa nyumba kumi. Na mgeni rasmi, kama mjuavyo huko kwenu kusikohusika kabisa na habari hii, hawezi kufika mapema. Akifika mapema watu watasema hana kazi. Kwa hiyo naibu waziri huchelewa kidogo, waziri huchelewa sana, na biriani hukaa mezani ikiwasubiri wote wawili.

Mwanzoni watu walinung'unika. Baadaye wakazoea, na walipozoea wakaanza kujivuna. Pilau baridi ikaitwa pilau iliyotulia. Ukimwona mtu anakula kitu kinachotoa moshi, ujue kakosa malezi. Hata majumbani, ambako sheria haikufika, baba mwenye nyumba alianza kusimama kabla ya ugali kufunuliwa, akawatambua waliopo kwa vyeo vyao, mama watoto, watoto wenyewe, paka, kisha akatoa maelezo mafupi yanayoishia usiku.

* * *

Katika jiji hilo aliishi Shaweji Mbaruku, kapera mnene mwenye sauti nyembamba, Afisa Mwonjaji Daraja la Pili katika Wizara ya Mlo na Itifaki. Mtu huyu alipenda kula jamani! Wengine wakisikia harufu ya vitunguu wanasema wamesikia harufu ya vitunguu. Shaweji alisimama, akafumba macho, akakwambia vitunguu hivyo vimebakiza dakika ngapi viungue. Kazi aliyopewa ilimfaa: atembee jiji zima, ale kila mahali, kisha aandike Mwongozo Rasmi wa Kula Nje Jijini Siniani, ili wageni na wenyeji wajue pa kupeleka matumbo yao.

Alikula, akaandika. Hebu tuonje kidogo.

"Hoteli ya Kilele cha Amani. Mgeni rasmi ni naibu waziri, na siku za sikukuu waziri kamili. Utambulisho mrefu, hotuba ndefu zaidi, neno la shukrani lenye vifungu. Pilau imetulia kabisa. Mafuta yameganda juu kwa ustadi, mlaji anaweza kuandika jina lake kwa uma. Nyota tano."

"Mkahawa wa Upepo Mwanana. Mgeni rasmi ni mkurugenzi msaidizi. Samaki wa kukaanga husikiliza hotuba pamoja na mlaji, na mwisho wa hotuba wote wawili huwa na macho yaleyale. Nyota tatu."

"Nyama Choma ya Nyuma ya Stendi. Mgeni rasmi ni mjumbe wa nyumba kumi, ambaye huhutubia upesi kwa kuwa kaacha duka wazi. Matokeo yake nyama huliwa ikiwa bado na uvuguvugu. Si mahali pa mtu mwenye staha. Nyota nusu."

Ukisoma hivi utadhani Shaweji alikuwa mtu wa baridi kama wenzake. Hakuwa. Kila alipoandika kwamba mchuzi umetulia, roho ilimuuma. Alijua kuna kitu kinakosekana kwenye sahani za nchi yake, ila hakuwa na pa kulisemea hilo, maana Wizara haikuwa na fomu ya malalamiko ya namna hiyo.

Siku moja alitoka Kilele cha Amani baada ya hotuba iliyohusu umuhimu wa kuwa na hotuba. Akakatiza Mtaa wa Spea, mahali wanapofungua magari na mara chache kuyafunga. Tope limejaa, mfereji wazi, matairi yamelala njiani. Ghafla akasimama. Pua ilikuwa imesimama kabla yake. Kulikuwa na unga unaoungua taratibu kwenye mafuta, nazi inayochemka, tangawizi. Akafuata, suruali kaishika kwa mikono miwili, akaibukia kwenye kibanda cha mabati. Mafundi wameketi kwenye mabenchi, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko, wanakula bila kusubiri mtu. Na sahani zilikuwa zinatoa moshi.

Nyuma ya jiko la mkaa alikaa mwanamke wa makamo, kanga kaifunga kiunoni, anageuza chapati kwa vidole kana kwamba vidole si vyake. Huyo ndiye Bi Ruzuna, mjane, mwenye kibanda na mwenye maneno yake.

"Karibu kaka," akasema bila kuinua kichwa. "Ukisimama hapo unanizibia upepo. Kaa."

Shaweji akakaa. Akawekewa chapati iliyotoka kikaangoni sasa hivi na bakuli la maharage ya nazi. Akaigusa, ikamuunguza. Akaigusa tena. Alipoichana, matabaka yakaachana yenyewe, mvuke ukampanda usoni, na mtu mzima huyu mwenye cheo na kitambulisho akaanza kulia.

"Pilipili?" akauliza Bi Ruzuna.

"Hapana dada. Endelea tu kunipikia."

Tangu siku ile Shaweji akawa anaamkia Mtaa wa Spea. Mafundi wakamtania kwamba anachokifuata si chapati peke yake, naye akajibu kwamba yeye ni mtumishi wa umma na yuko kazini. Kwenye Mwongozo hakuandika kitu. Angeandikaje? Mahali penyewe hapana mgeni rasmi, na pasipo na mgeni rasmi kisheria hapana chakula, hata kama watu wameshiba.

* * *

Shida ilikuja imevaa sare. Afande Sijaona alikuwa Mkaguzi wa Mvuke wa jiji zima. Kazi yake ilikuwa kuingia hotelini, kuinamisha kiganja juu ya sahani, kufumba macho na kungoja. Kiganja kikibaki kikavu, hoteli inapongezwa. Kikipata unyevu, mwenye hoteli ana kesi. Asubuhi hiyo aliinamisha kiganja juu ya sahani ya fundi mmoja pale kwa Bi Ruzuna, akakitoa upesi akikipuliza.

"Mama, hiki ni nini?"

"Chapati, afande."

"Naona chapati. Nauliza mgeni rasmi aliyeifungua yuko wapi."

Bi Ruzuna akaweka mikono kiunoni. "Hilo ungeniulizia wewe huko kwenu. Tangu mume wangu yu hai naomba niletewe mgeni rasmi. Mjumbe akasema huku kuna tope, viatu vyake vipya. Nikapanda kwa mtendaji, naye akaniambia nisubiri. Si nasubiri? Nasubiri huku nikipika."

Mafundi wakacheka, Afande Sijaona hakucheka. Alitangaza kwamba Mwongozo Rasmi uko mbioni kuzinduliwa, na siku utakapozinduliwa, kila mahali pasipokuwamo ndani yake na mgeni rasmi wake patafungwa. Jiko litavunjwa mbele ya wananchi. Mwiko utachukuliwa kama kielelezo. Akasema yote hayo akiitazama ile chapati, akameza mate, akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Bi Ruzuna aliiacha chapati ikaungua, jambo ambalo mafundi hawakuwahi kuliona. Kibanda kile ndicho alichoachiwa, na ndicho anachokijua. Shaweji naye aliisukuma sahani pembeni. Mwongozo utakaomfungia mama huyu kibanda alikuwa anauandika yeye, kwa mkono wake mwenyewe.

"Dada, usijali," akasema. "Nitakutafutia mgeni rasmi."

"Utamtoa wapi? Mjumbe tu kanikimbia."

Kweli, angemtoa wapi? Shaweji alizunguka ofisi zote. Katibu tarafa alikubali kuja mpaka alipoambiwa ni mtaa gani. Afisa utamaduni alisema yeye ana mzio wa grisi. Kila mlango aliogonga aliambiwa mwenyewe yuko kwenye kikao, na kwingine aliambiwa hivyo na mwenyewe.

Lakini Mungu si Athumani. Wizarani kulikuwa na ugomvi. Mwongozo ulitakiwa uzinduliwe na Mheshimiwa Mkuu mwenyewe, tena mahali pa kula, na kila hoteli kubwa ilikuwa na waziri wake. Waziri wa Kilele cha Amani alisema uzinduzi ukipelekwa kwa mwenzake, yeye siku hiyo ataugua. Mwenzake naye akaanza kukohoa mapema. Dokta Pazi, Mkurugenzi wa Mlo na Itifaki, ambaye udaktari wake ulikuwa wa heshima kama vitu vingine vyote nchini, alikuwa hali wala halali.

Shaweji akaingia ofisini kwake, akainama kwa kipimo cha daraja la pili.

"Mkuu, ipo sehemu moja ambayo haina mwenyewe serikalini."

"Haina waziri?"

"Haina."

"Hata naibu?"

"Hata mjumbe, mkuu."

Dokta Pazi akainuka, akamkumbatia, kisha akakumbuka vyeo vyao, akamwachia. "Shaweji, hapo hakuna atakayenuna! Panaitwaje?"

"Panaitwa kwa Bi Ruzuna, mkuu. Pana tope kidogo."

"Tope litafunikwa," akasema Dokta Pazi. "Kwani tumeanza leo?"

* * *

Serikali ya Taadhima ikiamua kufunika kitu, inafunika. Siku ya mkesha wa uzinduzi, Mtaa wa Spea uliamka umevikwa mazulia mekundu juu ya tope, na tope likaanza kuyanywa mazulia pole pole. Mfereji ukawekewa mapazia. Magari mabovu yakapakwa rangi upande unaoelekea barabarani. Mbele ya kibanda likasimikwa hema jeupe, kubwa mno, hata kibanda chenyewe hakikuonekana tena. Ukutani mwa kibanda ikatundikwa picha ya Mheshimiwa Mkuu, ile iliyopigwa akiwa kijana mwembamba mwenye nywele.

Dokta Pazi alikagua yote, akaridhika, akamgeukia mwenye kibanda.

"Sasa mama, hizo chapati za kesho uzipike leo hii."

"Leo? Si zinaliwa kesho?"

"Ndiyo. Zitulie."

Bi Ruzuna akamwangalia juu mpaka chini. "Zitulie, kwani zina wasiwasi gani?"

Dokta Pazi akamweleza kwa upole, kama mtu anayeongea na nchi nzima, kwamba kuanzia kesho kibanda hiki kitakuwa rasmi. Hakitafungwa. Kitaingia kwenye Mwongozo na nyota zake. Na Wizara imeshakipangia mgeni rasmi wa kila siku, mzee mmoja mstaafu mwenye hazina kubwa ya kumbukumbu, anayependa kuhutubia kuhusu maisha yake tangu darasa la kwanza. Mafundi watasubiri amalize, ndipo wale.

Alipoondoka, Bi Ruzuna aliokota mwiko, akauweka, akauokota tena.

"Kaka Shaweji," akasema, "hebu niambie ukweli. Umeniokoa au umenizika?"

Hilo Shaweji hakuwa amelifikiria, mtu msomi kama yeye! Alihangaika usiku na mchana kumtafutia mama wa watu mgeni rasmi, akasahau mgeni rasmi huwafanyia nini wali na maharage. Kukosa mgeni rasmi kutakivunja kibanda. Kumpata kutakifisha kibaki kimesimama. Akakaa kwenye benchi, akashika tama.

"Basi kesho njoo alfajiri," Bi Ruzuna akamwambia baada ya kumhurumia. "Nitawapikia wewe na mafundi kwanza, za moto, za kuagana. Hao wakubwa wakija watakuta zilizotulia. Kwani kadi inasema saa ngapi?"

"Saa mbili kamili asubuhi."

"Ah, basi tuna muda mpaka adhuhuri."

* * *

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana yaliyotokea kesho yake hayajawahi kutokea Taadhima.

Ratiba ya Mheshimiwa Mkuu ilianza alfajiri kwa kufungua daraja upande wa pili wa jiji. Msafara ulifika, kwa kuchelewa kunakostahili. Bendi ilikuwepo, utepe ulikuwepo, mkasi ulikuwepo umelazwa juu ya hariri. Daraja halikuwepo. Mhandisi alieleza kwa ufasaha kwamba mradi umefikia hatua za mwisho za kuanza. Mheshimiwa akakata utepe, akapigiwa makofi, na kwa kuwa baada ya kukata hapakuwa na pa kutembea, akarudi garini. Shughuli ambayo kwa kawaida humeza nusu siku ikaisha kabla bendi haijamaliza wimbo. Dereva wake, mtu mtiifu asiye na hili wala lile, akatazama kinachofuata kwenye ratiba, akakanyaga mafuta, akiuacha msafara nyuma.

Hivyo ndivyo ilivyotokea, kwa mara ya kwanza tangu uhuru, kiongozi wa nchi akafika kwenye shughuli muda ulioandikwa kwenye kadi.

Hakukuwa na mtu. Hema tupu, viti vitupu, kipaza sauti kimelala. Mheshimiwa aliteremka na walinzi wake wawili, zulia likamzamisha mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akasimama, akatazama kushoto, akatazama kulia. Hajawahi kuingia mahali bila kuimbiwa, hata hakujua mtu huanza na mguu upi. Ndipo upepo ukavuma kutoka nyuma ya hema. Mheshimiwa akanusa, akalifunua pazia kwa mkono wake mwenyewe, akatokea kibandani.

Shaweji alikuwa na nusu chapati mdomoni. Alipomwona, hakujua apige saluti, apige magoti au ameze. Kumeza ni jinai, kutema ni matusi. Akabaki mashavu yamemtuna, macho yamemtoka pima. Mafundi nao wakaganda. Bi Ruzuna peke yake hakujua, maana alimjua Mheshimiwa kwa ile picha ya ukutani, na huyu aliyesimama hapa ni mzee mnene mwenye upara na viatu vya tope.

Mheshimiwa akakohoa, akainua mkono. "Ndugu wananchi..."

"Wananchi wanakula, baba," akasema Bi Ruzuna. "Nyie sogeeni huko, mumpishe mzee wa watu akae. Na hao vijana wako wakae pia, wamesimama kama milango."

Mafundi wakasogea. Mheshimiwa, ambaye hakuwahi kuamriwa na mtu tangu mama yake afariki, akakaa. Ikaja sahani. Akaigusa chapati, akaruka, na walinzi wakaruka naye, mikono mifukoni.

"Hii ni nini?"

"Chapati, baba."

"Chapati naijua, nimezifungua nyingi. Nauliza hiki kinachouma vidole."

"Hicho? Hilo ni joto, baba."

Mheshimiwa akaichana. Akaichovya kwenye maharage. Akatia mdomoni, akafumba macho, na kwa muda mrefu ikasikika sauti yake akitafuna tu, kiongozi aliyewahi kuhutubia mpaka jua likazama bila kunywa maji. Akamaliza ya kwanza, akanyoosha sahani. Akamaliza ya pili. Walinzi wake nao wakawa wanakula wameupa mlango mgongo.

"Miaka yote hii," akasema hatimaye, sauti imemlegea, "nikifika mahali nahutubia. Nikimaliza nafungiwa chakula changu kwenye foili, naondoka. Nikila garini nakuta kimetulia. Nikauliza, wakaniambia ndivyo chakula kilivyo." Akamgeukia Shaweji, ambaye alikuwa amemeza sasa, liwalo na liwe. "Hebu wewe, nani alituletea mambo haya ya kungoja mpaka chakula kipoe?"

Shaweji akajifuta mdomo. "Ilitokea tu, Mheshimiwa."

Bi Ruzuna kusikia Mheshimiwa, kifimbo cha kusukumia chapati kikamponyoka. Akatazama picha, akatazama mzee, akarudia picha. Mwingine angekimbia. Yeye alijifuta unga mikononi, akasema, "Kumbe ndiye wewe! Basi leta sahani nikuongeze, baba. Kula ushibe, kwa sababu leo ndiyo mwisho. Kuanzia kesho naletewa mgeni rasmi."

Mheshimiwa alikuwa anakaribia kuweka tonge mdomoni. Mkono ukasimama njiani. Akaliangalia lile tonge kwa huzuni ya kweli.

* * *

Jua likiwa utosini, serikali ikawasili. Mawaziri, manaibu, Dokta Pazi na suti yake, Afande Sijaona na kiganja chake, wageni waalikwa na waliojialika. Wote walikuwa wamechelewa kwa vipimo vyao halali, na wote wakamkuta Mheshimiwa keshafika, keshakaa, na kidevu kinang'aa mafuta. Mawaziri wawili walizimia kwa adabu. Yule aliyekuwa akikohoa aliacha.

Dokta Pazi akashika kipaza sauti. Akaanza kutambua waliopo, akafika kwa wakuu wa idara, Mheshimiwa akamnyang'anya.

Bi Ruzuna alisimama mlangoni, mwiko mkononi. Shaweji alikuwa kando yake. Mheshimiwa akisifia, mama huyu kaletewa mstaafu na kumbukumbu zake. Akiponda, jiko linavunjwa leo leo. Neno gani litoke kinywani mwa mzee huyu lisiwe msiba? Shaweji alijaribu kulitafuta, hakuliona.

"Itifaki imezingatiwa," akasema Mheshimiwa. "Mahali hapa ni aibu kwa taifa. Chapati zake zinaunguza. Maharage yake yanatoa moshi mchana kweupe. Naagiza Mwongozo uandike hivyo, kwa herufi kubwa, kwamba mtu asije hapa. Na napiga marufuku mgeni rasmi yeyote, kuanzia mimi mwenyewe mpaka mjumbe wa nyumba kumi, kukanyaga mahali hapa kuhutubia. Ahsanteni."

Akarudisha kipaza sauti. Hotuba ilikuwa imeisha kabla makofi hayajajipanga, na nyuma huko wengine wakaanza kunong'ona kwamba huenda nchi imepinduliwa.

Afande Sijaona akapiga hatua mbele, nyundo mkononi. "Kwa hiyo tukifunge, Mheshimiwa? Tuvunje jiko?"

"Mtakifunga vipi?" akauliza Mheshimiwa.

"Rasmi, Mheshimiwa. Kwa sherehe, kama ilivyo desturi."

"Na sherehe inataka nini?"

Afande akafikiri. "Inataka mgeni rasmi, Mheshimiwa."

"Na mgeni rasmi nimemfanya nini?"

Dokta Pazi alifungua vitabu vyake vya itifaki, akafungua tena upande wa nyuma. Hapakuwa na njia. Kibanda kisichoweza kupata mgeni rasmi hakiwezi kufunguliwa, ni kweli, lakini pia hakiwezi kufungwa. Afande Sijaona akaishusha nyundo. Shaweji akamtazama Mheshimiwa, na Mheshimiwa akajifuta kidevu taratibu kwa kitambaa chenye nembo ya taifa, uso mkavu kabisa.

Msafara ukahamia Kilele cha Amani, ambako Mwongozo ulizinduliwa kwa hotuba zote zilizokuwa zimebaki, na biriani iliyopatikana ilikatwa kwa kisu.

* * *

Mwongozo ukatoka. Shaweji aliandika kama alivyoagizwa, kwa herufi kubwa, na katika maisha yake ya kazi hakuwahi kuandika kitu kwa furaha kama ile: "KWA BI RUZUNA, MTAA WA SPEA. TAHADHARI. Hakuna mgeni rasmi na hatakuja. Chakula hutoka jikoni na kuja moja kwa moja kwa mlaji, bila maelezo. Chapati ni za moto kiasi cha kutia machozi. Wananchi wanashauriwa kutofika, hasa asubuhi, zinapoanza kutoka. Hakuna nyota."

Watu wa Taadhima ni watiifu, hilo sitaki mtu alitilie shaka. Ila wamekaa na serikali yao muda mrefu, na wanajua namna ya kuisoma. Kesho yake jua halijachomoza vizuri, foleni ilianzia kibandani kwa Bi Ruzuna, ikapita gereji zote, ikakunja kona ya mfereji. Walikuwepo walimu, wauguzi, wapiga debe, bibi harusi mmoja na shela lake. Alikuwepo Dokta Pazi, kavaa miwani myeusi, anajifanya anatafuta spea. Afande Sijaona alikuwa karibu na mbele, kiganja kakitia mfukoni. Bi Ruzuna alikuwa ameongeza kikaango cha pili, anawatukana wanaochomekea foleni, na Shaweji alimwona kutoka mbali akicheka kwa sauti, akapata raha moyoni ambayo hata njaa haikuiondoa.

Foleni ikasogea. Shaweji akahisi mtu kasimama nyuma yake, anahema kwa kutembea. Akageuka. Ni mzee mnene, msuli kiunoni, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi, ndala zimelowa tope. Kashika sahani yake ya bati aliyotoka nayo nyumbani.

Shaweji alikuwa mtumishi wa umma kwa miaka mingi, na mwili ukishazoea umezoea. Visigino vikakutana vyenyewe. Kifua kikatoka mbele.

"Mheshimiwa Mkuu," akaanza, "kwa niaba ya wote waliopo kwenye foleni hii, na kwa ruhusa yako, naomba nianze kwa kuwatambua..."

Mzee akamziba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza, ndugu yangu," akamwambia kwa sauti ya kubembeleza. "Zitapoa."